Watoto wa Alasiri pale Chilindu

Nimestaafu muhula uliopita. Walimu vijana wa shule niliyoiacha hapa Masasi walinifanyia hafla ndogo, wakanipa doti ya kanga na jagi la maji. Nilipokuwa navaa viatu niondoke, mwalimu wa darasa la kwanza alinifuata mlangoni akaniuliza, "Mama Tumaini, wale watoto wanaobaki shuleni jioni, mzazi hajafika, wewe ulikuwa unawafanyaje?" Nilimjibu kwamba nitamwandikia. Nadhani aliona namkwepa. Basi haya ndiyo niliyomwahidi, na wengine wenu mnaweza kusoma.

Vyeo sitavitaja. Vilikuwa vichache, na kila kimoja kilikuja na funguo nyingi kuliko milango inayofungika. Nitaanza na kazi niliyoifanya kabla sijawa mwalimu, nikiwa mwanachuo, kwa sababu mengi niliyoyategemea baadaye niliyapata huko, wala sijayaona katika mtaala wowote niliopewa.

Nilikuwa mwaka wa kwanza katika chuo cha ualimu juu kwenye uwanda, upande wa Newala. Mimi ni Mmakua wa Lukuledi, nimekulia misheni, na Chimakonde nilikuwa nasikia salamu tu. Asubuhi moja mstarini mkuu wa chuo alitangaza kwamba kijiji cha ujamaa cha Chilindu, jirani yetu, kinaomba wanachuo wa kujitolea kushinda na watoto baada ya masomo. Wazazi walikuwa shamba la kijiji mpaka jua linaelekea kuzama. Pampu ya maji ikiharibika, na iliharibika mara nyingi, akina mama walishuka mteremko mzima hadi bondeni na kupanda tena na ndoo kichwani. Watoto wakitoka shule walitawanyika tu. Zamani kutawanyika hakukuwa na neno. Lakini wakati ule kulikuwa na vita ng'ambo ya Ruvuma. Ndege za Wareno zilikuwa zikipita juu yetu, na huko mteremkoni watoto walishawahi kuokota vyuma ambavyo mgambo aliwapokonya akiwaambia ni mabomu ambayo hayajalipuka.

Mkuu aliongeza kwamba atakayejitolea atasamehewa kulima bustani ya chuo. Mikono ikanyooka mingi, wangu ukiwa wa mbele. Bustani ilipokwisha kuvunwa, wenzangu wakakumbuka kuwa wana masomo mengi, wakarudi mabwenini. Mimi nilibaki. Msinisifu, pale Chilindu kulikuwa na uji mzito kuliko wa chuo.

Aliyenipokea siku ya kwanza ni Mwalimu Mshamu, mwalimu wa darasa la kwanza, Myao wa Masasi mjini, mtu mwembamba mwenye kofia ya kushona na mfuko wa shati uliojaa vipande vya chaki. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka mingi kwa hiari yake, jambo ambalo wakaguzi hawakulielewa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanionyesha watoto waliojaa barazani wakinitazama.

"Umejiandaa kuwafundisha nini?" aliuliza.

Nilimwambia nimeandaa nyimbo na hadithi ya sungura.

"Leo usiwafundishe kitu. Wahesabu wakija, wahesabu wakiondoka. Wawe wale wale. Na mtoto asiondoke na mtu ambaye yeye mwenyewe hataki kuondoka naye. Ukiweza hilo, kesho utaimba."

Niliona ni kazi ndogo mno kwa mtu aliyefaulu mtihani wa kuingia chuo. Mpaka jioni nilikuwa nimewahesabu mara nyingi na kila mara nikipata jibu jipya, kwa sababu mtoto hakai mahali pake akihesabiwa. Mwishowe nilijifunza kuwapanga kwa kuwapa kitu mkononi. Tulitumia korosho ghafi kwa hesabu, kila mtoto na fungu lake. Korosho nilizogawa na nilizorudishiwa hazikulingana hata siku moja, na nyuma ya shule kulikuwa na alama ya moto mdogo ambao hakuna aliyeujua.

Vifaa vyetu vilikuwa hivi: kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya, ndiyo kengele, mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba za katani, vibao vya kuandikia ambavyo nusu yake vilikuwa vimevunjika pembe, ngoma moja, na sufuria kubwa ya Mama Fides. Mama Fides alikuwa mama wa makamo wa pale kijijini, aliyepangiwa na kamati kupika uji wa watoto. Kwa sababu mimi Mmakua na yeye Mmakonde, alinitania tangu siku ya kwanza. Alikuwa akinipa uji kwenye kibakuli kidogo cha mtoto anayeanza kutembea. "Mmakua akishiba analala," aliwaambia watoto, "na huyu tunamtaka macho." Nikimaliza ananiongeza, bila kusema kitu.

Kulikuwa na kifaa kingine, kama naweza kukiita hivyo. Kando ya uwanja kijiji kilichimba handaki kwa ajili ya ndege. Wanaume walilichimba kwa amri, watoto wakalipokea kwa furaha. Walicheza duka ndani yake, walicheza harusi. Ndege iliposikika kweli, Mwalimu Mshamu aligonga reli kwa mapigo ya haraka na sote tukaingia. Yeye aliingia wa mwisho, anakaa chini, anasafisha kucha kwa kijiti kana kwamba tumekuja kupumzika. Nilimuuliza siku moja kama haogopi. Alisema, "Naogopa sana. Lakini wao wanatazama uso wangu, siyo mbingu." Hilo nimelitumia katika mambo mengi ambayo hayakuhusu ndege, pamoja na ziara za wakaguzi.

Miongoni mwa watoto wetu walikuwako waliovuka mto na wazazi wao kukimbia vita. Wenzao waliwaita Wamavia, jina la Wamakonde wa ng'ambo, wakawacheka kwa matamshi yao. Baada ya wiki chache walikuwa wakicheza nao na kuwacheka kwa mambo mengine. Mmoja tu hakuna aliyecheza naye wala kumcheka. Aliitwa Albertina. Alikuwa na umri wa miaka tisa au kumi, na mgongoni kwake, amefungwa kwa kitenge, alikuwa na mdogo wake Pauli, mtoto mwenye uwezo kamili wa kutembea. Hakumshusha. Alikula naye mgongoni, aliandika naye mgongoni. Walikuwa wanalala kwa Mama Fides, ambaye aliwapokea siku walipofika na kundi la wakimbizi wengine. Wengine walipelekwa mbele kwenye makazi yao upande wa Lindi. Wale wawili walibaki, kwa sababu kila walipopandishwa lori Albertina alishuka.

Nilijaribu njia zote za chuoni. Nilimwimbia. Nilimshonea mwanasesere wa kitambaa. Alimtazama, akamtikisa vumbi, akanirudishia kwa heshima, kwa mikono miwili. Alasiri yote aliketi ukingoni mwa baraza upande wa jua, wakati wenzake walijazana kivulini.

Nikamlalamikia Mwalimu Mshamu kwamba mtoto huyu hataki kitu.

"Umempa kazi?" aliuliza.

"Kazi gani? Ni mtoto."

"Amebeba mtu mgongoni tangu ng'ambo ya mto, unataka kumpa mwanasesere. Mpe kazi."

Kesho yake Mama Fides alimkabidhi upawa. Albertina akaanza kugawa uji. Aligawa kwa haki ya kutisha: kila bakuli usawa mmoja, wa mtoto wa mwenyekiti na wa mtoto asiye na mtu. Mvulana mmoja aliyerudi mara ya pili akijifanya hajapata alitazamwa tu, akaondoka mwenyewe. Kutoka hapo watoto walimheshimu, na yeye akaanza kusema. Kiswahili chake kilitokea jikoni: chumvi, moto, bado, ngoja, wewe umeshapata.

Siku moja tulipokuwa tunaosha mabakuli nilimuuliza kwa nini hakai kivulini.

"Kule barabara haionekani," alisema.

"Unamngoja nani?"

"Mama. Alisema tungoje hapa, kwenye shikola." Ndivyo walivyoiita shule kwao. "Amerudi kumchukua bibi."

Nilimuuliza Mama Fides. Alinieleza kwamba mama yao aliwafikisha hadi pale, akalala usiku mmoja, akarudi mtoni kumfuata mama yake mzee aliyeachwa nyuma. Aliwaambia wanawe wasiondoke pale mpaka aje. Misimu ilikuwa imepita. Mama Fides alisema hayo akiwa anachochea moto.

Msimu wa mabibo, matunda ya mikorosho, ulifika. Kijiji kizima kilinuka ule utamu mkali wa mabibo yaliyoanguka, na watoto walikuja na nguo zenye madoa ambayo sabuni haiyawezi. Alasiri moja, Mwalimu Mshamu akiwa ameitwa mkutanoni Newala, nilikuwa peke yangu na watoto barazani. Akatokea mwanamume anachechemea, amevaa koti kubwa kuliko mwili wake. Alipiga hodi vizuri. Alisema jina lake ni Ernesto, ametoka kwenye makazi ya wakimbizi, na amekuja kuchukua watoto wa dada yake.

Niligeuka kumtafuta Albertina. Alikuwa amesimama na upawa mkononi. Alimtazama yule mtu, akatazama nyuma yake, barabarani, kisha akaweka upawa ndani ya sufuria, akakaza fundo la kitenge kifuani, akaenda moja kwa moja kushuka handakini na mdogo wake.

"Mjomba wao, unasema?" nilimuuliza yule mwanamume.

"Mama yao ni dada yangu, tumbo moja."

"Mbona mtoto amekukimbia?"

Aligeuka kutazama handaki. Nikamwambia siwezi kumpa watoto mpaka mwalimu arudi. Hakugombana. Aliketi kwenye ngazi, akanyoosha mguu mbovu. Lakini kijijini habari hazina miguu mibovu. Kitambo kidogo mwenyekiti akawa amefika. Mzee Lipande alikuwa mtu wa haki, na mwenye sauti.

"Binti, huyu ni mjomba wao. Nimemuuliza, amenitajia ukoo wote. Kwenu Lukuledi mjomba ni nani?"

Alijua anachouliza. Kwetu Wamakua, kama kwao Wamakonde, mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno la mwisho juu yake. Kumnyima mjomba watoto wa dada yake ni zaidi ya utovu wa adabu. Watu huitana vikao kwa hilo.

"Mjomba ni mkubwa, mzee wangu," nilisema. "Sikatai kuwa ni mjomba. Ila mtoto hataki kuondoka naye, na mimi nimeachiwa agizo."

"Agizo la nani?"

"La Mwalimu Mshamu."

"Mwalimu Mshamu ni mwenyekiti wa kijiji hiki?"

Kisha akaniambia ana uwezo wa kunishitaki chuoni kesho asubuhi, na kwamba mwanachuo anayezuia watoto wa wakimbizi wasiende kwa ndugu zao hana mahali katika ualimu. Nilimwamini. Baba yangu alikuwa amewaambia watu wote wa Lukuledi kwamba bintiye atakuwa mwalimu. Nilimwona tayari akipita njia za nyuma kuepuka maswali. Nilikwenda nikaketi ukingoni mwa handaki, miguu inaning'inia ndani, nikawaita watoto wengine waje waketi pale pale. Sikuwa na mpango. Nilijua tu kuwa nikisimama nitaondoka. Tukaimba nyimbo zote nilizozijua, na tukarudia.

Mama Fides alipanda kutoka bondeni, ndoo kichwani. Alisikiliza maneno ya mwenyekiti bila kuitua ndoo, kisha akasema, "Watoto wanalala kwangu. Leo pia watalala kwangu. Mgeni atalala kwako, Mwenyekiti, kwa sababu una kitanda cha ziada." Akaitua ndoo, akashuka handakini, akatoka amemshika Albertina mkono. Mzee Lipande hakuridhika, lakini hakuna mwanamume pale aliyependa kubishana na mwanamke aliyetoka kupanda ule mteremko na ndoo.

Mwalimu Mshamu alirudi kesho yake. Nilimsimulia kila kitu nikitarajia anisifu. Aliniuliza swali moja tu: "Mtoto umemuuliza?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilikwenda kumtafuta. Hakuwa barazani, alikuwa handakini, ameketi kwenye udongo, Pauli mgongoni amesinzia. Nikashuka, nikaketi kando yake.

"Yule mtu unamjua?"

"Namjua. Mjomba Ernesto."

"Anawapiga?"

"Hapana. Mjomba mzuri."

"Basi mbona umemkimbia?"

Alikuwa akitafuta maneno ya Kiswahili, au labda maneno yenyewe. "Amekuja peke yake," alisema. Kisha akaongeza, "Nikienda naye, mama akija atakuta hatupo."

Nilitoka mle ndani nikaenda hadi nyuma ya shule kwanza, nikarudi. Mwalimu Mshamu, Mzee Lipande na Ernesto walikuwa wameketi ofisini kwenye madawati. Nilimwamkia mgeni, nikamuuliza, kwa adabu niliyoweza, dada yake yuko wapi.

Alitazama mikono yake. Mwenyekiti naye alitazama mikono ya mgeni, nikaelewa kuwa yeye alishaambiwa.

Dada yake Ernesto alifika kwao, akamkuta mama yake hai. Walikuwa wanarudi watatu, yeye Ernesto akiwa nyuma na mzigo. Njia ilikuwa imetegwa bomu. Wanawake wawili walikufa pale pale. Yeye alipona na ule mguu. Alikuwa amelazwa hospitali miezi, akiulizia watoto kwa kila mkimbizi aliyepita, mpaka mmoja akamwambia kuna msichana Chilindu anayekataa kupanda malori.

"Nilitaka niwachukue kwanza," alisema. "Nikifika nao nyumbani, kidogo kidogo nitamwambia. Sikuweza kumwambia hapa barabarani."

"Sawa kabisa," alisema mwenyekiti. "Kwetu mtoto haambiwi msiba ghafla namna hiyo. Huandaliwa."

"Hata kwetu huandaliwa," alisema Mwalimu Mshamu. "Lakini huyu atapanda lori akidhani anamwacha mama yake. Atakuja kukuuliza wewe, mjomba wake, kwa nini ulimtoa mahali alipoambiwa angoje. Utamjibu nini?"

Ernesto aliuvuta mguu mbovu karibu.

"Aambiwe hapa," aliendelea Mwalimu. "Mchana, baada ya kula, penye watu anaowajua. Na useme wewe. Sisi si ndugu zake."

Mzee Lipande alivua kofia, akaivaa tena. Mwishowe alisema, "Mimi nitakaa karibu. Asije akafikiri kijiji kimemficha."

Tulingoja mpaka watoto wapate kula. Albertina aligawa uji kama kawaida, na bakuli la mjomba wake lilikuwa usawa uleule wa wengine. Mwalimu Mshamu aliwachukua watoto uwanjani kwenye mpira, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, na alicheza vibaya mno, kofia ikianguka kila mara. Barazani tulibaki Albertina na Pauli, mjomba wao, Mama Fides, mwenyekiti na mimi.

Ernesto alizungumza Chimakonde, kwa sauti ya chini. Sikuelewa maneno. Niliona tu uso wa mtoto, ambao haukubadilika kabisa, nikafikiri hajasikia. Kisha akaanza kuuliza. Maswali mafupi, moja baada ya jingine, na mjomba akajibu kila moja. Baadaye Mama Fides alinifasiria. Mtoto aliuliza: Na bibi? Bibi pia. Nani aliwazika? Mimi na watu wa kijiji cha jirani. Pamoja? Pamoja, bega kwa bega. Wapi? Hapo ndipo nilipomwona Ernesto akiinama kutoka kwenye ngazi, akachora kwa kidole mchangani: njia, kijito, mlima mdogo, alama. Albertina aliteremka akachuchumaa juu ya ule mchoro kwa muda mrefu. Aliuliza kijito kinakwenda upande gani. Mjomba akamwonyesha.

Kisha akafungua fundo la kitenge. Alimshusha Pauli, akamketisha mapajani mwa mjomba wake, akakunja kitenge vizuri, akakiweka kando. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti kubwa kama mtoto mdogo, na Mama Fides akamshika, na mwenyekiti aliyekuwa ananitisha jana akaondoka akaenda kusimama nyuma ya ile reli ya kengele, mgongo kwetu, mabega yanacheza.

Pauli hakuelewa kitu. Aliona mchanga, akashuka, akaanza kutembea.

Siku zilizofuata Albertina hakushika upawa, nasi hatukumwomba. Alilala sana kwa Mama Fides. Ernesto hakuzungumza tena habari ya kuondoka. Mzee Lipande ndiye aliyeileta: alisema kamati imekaa, kijiji kinaweza kumpa mgeni kiwanja, na kwa kuwa mguu haumruhusu kulima shamba la kijiji, shule ina madawati mabovu mengi. Ernesto alikuwa na mkono wa kuchonga. Alirekebisha madawati, akatengeneza fremu mpya za vibao vyetu, akawachongea watoto pia za kuzungusha ambazo zilimaliza kabisa hamu yao ya hesabu. Chuoni mwenyekiti hakunishitaki. Hakuniomba radhi pia. Aliniletea mzigo wa mihogo bwenini kwa mkono wa mtoto wake, na mwezi uliofuata akaniita "mwalimu" mbele za watu.

Siku moja, bila mtu kumwambia, Albertina alichukua upawa. Alipomaliza kugawa akaenda kuketi kivulini na wenzake. Nilimwona Mwalimu Mshamu akimtazama, kisha akageuka akanisahihishia andalio la somo kwa wino mwingi mwekundu.

Baada ya chuo nilipangiwa upande wa Masasi, na kazi niliyoifanya kutoka hapo wengi wenu mnaijua kwa sababu baadhi yenu niliwafundisha kusoma. Nimefanya kazi Lukuledi, nimefanya Tandahimba, nimekaa karibu na Ndanda ambako nilipeleka hospitali watoto walioanguka kutoka kwenye mikorosho ya watu wasiowataja. Nimegombana na wazazi waliotuma walevi kuja kuchukua watoto. Nimekaa na mtoto shuleni mpaka giza kwa sababu baba na mama wameachana mchana na kila mmoja anadhani mwenzake amemchukua. Kila mara nilifanya yale yale: nimemhesabu, nimempa kazi ya mikono, nimemuuliza yeye mwenyewe. Na kama kuna neno gumu, nimehakikisha anayelisema ni mtu wake, mchana, akiwa amekula. Ndugu mwalimu wa darasa la kwanza, hilo ndilo jibu lako, na ningeweza kuishia hapa. Lakini kuna jambo moja zaidi la Chilindu, lililotokea nikiwa bado mgeni kazini.

Msumbiji ilipopata uhuru, wakimbizi walianza kurejea kwao. Niliomba ruhusa, nikapanda lori la korosho kwenda kuwaaga. Ernesto alikuwa amejaza vifaa vyake vya kuchongea ndani ya gunia. Albertina alikuwa msichana mrefu, amemaliza darasa la saba, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Aliniamkia, tukashikana mikono.

Lori la kuwapeleka mtoni lilikuwa limejaa watu na magunia, kuku wamefungwa miguu juu. Dereva alikuwa mtu wa pwani mwenye haraka. Walipohesabiwa, alikosekana Pauli. Pauli alikuwa mvulana wa darasa la pili sasa. Msumbiji aliisikia tu katika mazungumzo ya wakubwa. Kwao ilikuwa Chilindu, na mama aliyemjua ni Mama Fides. Alikuwa amejifungia jikoni kwa Mama Fides na kuweka kinu nyuma ya mlango.

Dereva alipiga honi. Wanaume wawili wakasema wavunje mlango wamtoe, ni mtoto tu, atalia njiani na kunyamaza. Ernesto akawatazama, kisha akamtazama Albertina.

"Acheni," alisema Albertina. "Nitazungumza naye."

Alikwenda akaketi chini nje ya mlango wa jiko, mgongo ukiegemea mbao. Mama Fides aliketi kando yake. Nilisimama karibu, nikasikia.

"Pauli, sikubebi," alisema. "Siku hizi u mzito. Nataka kukuambia tunakokwenda, halafu utafungua ukipenda."

Akaanza kumsimulia. Alimwambia kuhusu mama yao, alivyokuwa anacheka, alivyowaleta hapa, na kwa nini alirudi. Alimwambia kuhusu bomu lililotegwa njiani. Alimwambia kijito kinaelekea upande gani. Alimwambia Mama Fides hahami, nyumba ipo na mto unavukika, na akitaka kurudi mjomba atamleta. Hakuharakisha. Kisha sauti ya ndani ikauliza kitu, naye akajibu, ikauliza tena.

Dereva alikuja hadi uani, injini ameiacha ikinguruma. "Dada, jua linakwenda. Tutangoja mpaka lini?"

"Mpaka amalize kuuliza," alisema Albertina.

Yule dereva alitutazama, mmoja mmoja, akaona hakuna aliyeinuka. Alirudi kwenye lori. Tukasikia akiwaambia watu washuke wanyooshe miguu, kisha akazima injini.